Johann Ludwig Krapf na Walimu Wake wa Mvita

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia historia ya Kiswahili hakosi kukutana na jina la Dkt. Johann Ludwig Krapf. Hutajwa katika mihadhara ya mwaka wa kwanza kuwa miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kabisa kuiandikia lugha hii sarufi, na kuwa mtungaji wa kamusi kubwa iliyochapishwa London mwaka 1882. Baada ya hapo mhadhara huendelea hadi kwa Askofu Edward Steere, kisha kwenye usanifishaji, na Krapf hubaki kuwa tarehe mbili tatu za kukariri kwa ajili ya mtihani.

Makala haya yanakusudia kumrejesha Krapf mahali alipojifunzia Kiswahili, yaani kisiwa cha Mvita na Mji wa Kale wa Mombasa, na kumtazama katika maisha yake ya kila siku: maradhi, msiba, ugeni na kazi ya kuokota neno baada ya neno. Hoja yetu ni kwamba mengi aliyoyaendea Afrika Mashariki hayakutimia kama alivyotaraji. Kilichodumu ni kile alichojifunza kwa wenyeji wa Mvita, na wenyeji hao ni sehemu ya historia yake na ya taaluma yetu.

Njia iliyomfikisha Mvita

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa mkulima. Alipata mafunzo ya kimisionari huko Basel, Uswisi, akasoma theolojia Tübingen, kisha akaingia katika utumishi wa Church Missionary Society ya Uingereza, yaani CMS. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia, na mwaka 1839 akafika Shoa. Huko ndiko alikokutana na Waoromo, akajifunza lugha yao, na akaamini kwamba watu hao wakiupokea Ukristo, dini hiyo itaenea katika eneo zima.

Mwaka 1842 alimwoa Rosina Dietrich, lakini njia ya kurejea Shoa ilifungwa. Katika safari hizo za taabu mtoto wao wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati na kufa jangwani. Wazazi wake walimpa jina lenye maana ya chozi.

Jambo hili linapaswa kusisitizwa: Krapf hakuja pwani yetu kwa mapenzi ya Kiswahili. Alikuwa akitafuta mlango wa kusini wa kuwafikia Waoromo. Alitua Unguja mnamo Januari 1844, na Sayyid Said bin Sultan akamwandikia barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Barua hiyo ilimweleza kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu, na ikaagiza atendewe wema. Hivyo basi, mmisionari wa Kikristo aliingia Mombasa kwa hati ya mtawala Mwislamu. Mnamo Mei 1844 alihamia huko pamoja na mkewe.

Mvita aliyoikuta ilikuwa na majeraha mabichi. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Sayyid Said auangushe utawala wa Mazrui mwaka 1837, na askari wake walikuwa ndani ya Ngome ya Yesu. Muyaka bin Haji, malenga aliyeyaimba mapambano ya mji huo, anakadiriwa kufariki mwaka 1840. Krapf alimkosa kwa miaka minne. Hata hivyo, lugha aliyoisikia Krapf vibarazani na bandarini ndiyo lugha ya wasikilizaji wa Muyaka. Tutairejelea nukta hii baadaye.

Kaburi la ng'ambo

Muda mrefu haukupita kabla ya msiba kumfikia. Julai 1844 Rosina alijifungua mtoto wa kike huku homa ikiwa imeingia nyumbani. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani, hajiwezi. Rosina alifariki tarehe 13 Julai, na siku chache baadaye kichanga naye akamfuata. Kwa mujibu wa matakwa ya marehemu, walizikwa bara, ng'ambo ya mlango wa bandari ya zamani, upande ambao leo tunauita Nyali, ili kaburi liwe ukumbusho kwa wapita njia. Wapita njia hao walikuwa Mijikenda, ambao Krapf na watu wa zama zake waliwaita Wanyika.

Krapf aliwaandikia wakuu wake London kuwaarifu kwamba sasa lipo kaburi la mmisionari katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kwake kaburi hilo lilikuwa ishara ya kazi iliyoanza, wala si ya kazi iliyokwisha. Wanahistoria wa kanisa wameyarudia maneno hayo mara nyingi kama kauli ya ushindi. Lakini msomaji akumbuke hali ya mwandishi wake: mtu wa miaka thelathini na minne, mgonjwa, amezika mke na watoto wawili, na katika mji mzima hana wa kuongea naye lugha ya mama yake. Kuanzia hapo Kiswahili hakikuwa tena njia ya kupitia tu. Kilikuwa lugha ya kuombea maji, ya kupokea mkono wa tanzia, na ya kuishi.

Kadhi na mmisionari

Zaidi ya mwezi mmoja kabla ya msiba huo, tarehe 8 Juni 1844, Krapf alikuwa ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Mueddin wa Barawa, kama Krapf alivyoliandika jina lake, ambaye wakati huo alikuwa kadhi wa Mombasa. Tulitafakari jambo hili. Kadhi ni mwamuzi wa sheria za Kiislamu na mlezi wa elimu ya dini mjini. Mgeni wake amekuja kwa nia iliyo wazi ya kueneza dini nyingine. Hata hivyo waliketi pamoja, wakapima maneno.

Isitoshe, maneno hayo hayakuwa ya kubuni. Kiswahili cha Mvita kilikuwa tayari na msamiati wa dini uliokomaa misikitini, katika vyuo vya watoto na katika tenzi. Neno Mungu lilikuwa la Kibantu. Dhambi, malaika, nabii, imani na sala yalikuwa yamekwisha kuswahilishwa kutoka Kiarabu kwa karne nyingi. Kila Mkristo anayesoma Biblia ya Kiswahili leo anasoma kwa msamiati ambao sehemu kubwa uliandaliwa na wanazuoni Waislamu wa pwani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kisa hiki mgeni ndiye aliyepona kwanza, kwani bila mwenyeji angebaki bubu. Sura tatu za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la American Oriental Society.

Ni katika kazi hii pia ambapo Krapf alifanya uamuzi ambao matokeo yake tunaishi nayo. Watu wa Mvita waliandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Krapf alichagua hati ya Kilatini, na alikuwa na sababu za aina mbili. Ya kwanza ni ya kiisimu: Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi ilhali Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo e na i, au o na u, huweza kuchanganywa, tena alfabeti ya Kiarabu haina herufi za sauti kama p, v na ch. Sababu ya pili ni ya kidini: alihofia kwamba hati ya Kiarabu ingewavuta watu wa bara kwenye Uislamu. Wenyeji kwa upande wao hawakuwa wamelala. Walizoea kusoma kwa kufuata muktadha, na waandishi wao waliongeza nukta kwenye herufi ili kukidhi sauti zao. Kwa hiyo uamuzi wa Krapf usielezwe darasani kama wa kiisimu peke yake. Hati ya Kilatini ilirahisisha mengi, lakini pia ilichangia kuwafanya wasomi wengi wa vizazi vilivyofuata washindwe kuzisoma nyaraka za mababu wa lugha yenyewe.

Rabai na safari za bara

Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, na mnamo Agosti mwaka huohuo wawili hao walihamia Rabai. Kutoka huko walifanya safari zilizowapatia sifa Ulaya. Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani, ambako mwenyeji wake alikuwa Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Wataalamu wa London walizibeza habari za theluji karibu na ikweta. Jina alilolisikia kwa Wakamba na kuliandika kwa tahajia yake ndilo lililokuja kuwa jina la nchi.

Lakini kama mhubiri, matunda aliyoyaona yalikuwa machache mno. Miongoni mwa waongofu wa mwanzo kabisa alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Waoromo hakuwafikia. Mpango wake wa kujenga mlolongo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika ulibaki kwenye karatasi. Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika safari waliyokuwa pamoja, na Krapf akaponea chupuchupu, akirudi kwa njaa na kiu. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kuondoka. Alirudi kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe.

Hatuna budi kusema pia kwamba hukumu zake juu ya dini na mila za wenyeji zilikuwa kali, na mara nyingi hazikuwa za haki. Aliishi kwa ukarimu wa watu ambao imani yao aliiona kuwa giza. Hatuwezi kuufuta mgongano huo katika maisha yake, na hatuna haja ya kuufuta ili kuithamini kazi yake.

Kamusi

Sarufi yake fupi ya Kiswahili ilichapishwa Tübingen mwaka 1850. Mwaka 1854 nakala za tenzi za Kiswahili alizozikusanya, ukiwemo Utenzi wa Herekali, zilifikishwa Halle, Ujerumani, zikahifadhiwa. Kamusi yenyewe aliiendeleza uzeeni huko Korntal, akitumia vilevile kazi ya Rebmann. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka mwaka uliofuata.

Kamusi hiyo ina msingi wa Kimvita. Ni lugha inayosema mato kwa macho, nti kwa nchi, na ndia kwa njia. Barabara ya Ndia Kuu katika Mji wa Kale bado inalishuhudia neno hilo la mwisho. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, licha ya upinzani wa wamisionari wa CMS wa Mombasa, kamusi ya Krapf iliwekwa pembeni kama kitabu kilichopitwa na wakati.

Hapo ndipo tunapoirejea nukta ya Muyaka. Mashairi yake yalihifadhiwa vifuani na katika miswada, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmisionari W. E. Taylor walipoyakusanya kuelekea mwisho wa karne ya kumi na tisa. Msomaji anayekwama kwenye neno la shairi hilo, akakosa msaada katika kamusi za Kiswahili sanifu, ana kila sababu ya kuifungua kamusi ya Krapf. Maneno yake yalikusanywa kwa watu waliomsikia Muyaka kwa masikio yao. Kwa mtafiti wa ushairi wa Kimvita, kitabu hicho hakijapitwa na wakati hata kidogo.

Hitimisho

Krapf ana mnara wa ukumbusho Nyali, karibu na kaburi la Rosina, na Rabai kuna makumbusho yenye jina lake. Sheikh Ali bin Mueddin hana mnara. Wala hawana mnara wale wengine, wanaume kwa wanawake, waliomsahihisha matamshi, waliomtajia majina ya samaki, ya sehemu za jahazi na ya maradhi, na ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jalada. Kamusi haitungwi na mtu mmoja. Huandikwa na mmoja kutoka vinywani mwa wengi.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba tunapofundisha sura hii ya historia ya Kiswahili, tuwataje wote wawili kwa pumzi moja, kadhi na mmisionari. Vilevile, wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti waigeukie kamusi ya mwaka 1882 na nakala za tenzi zilizopelekwa Halle, na wajifunze hati ya Kiarabu ili waweze kuzisoma. Wazee wa Mji wa Kale wanaokijua Kimvita cha ndani wanazidi kupungua, na kazi aliyoifanya mgeni akiwa na homa na huzuni haitushindi sisi wenye lugha.