Jackie Robinson: Mchezaji aliyeuzwa akakataa kwenda

Desemba 13, 1956, klabu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers ya jijini New York ilitangaza kwamba imemuuza Jackie Robinson kwa mahasimu wao wa jiji hilohilo, New York Giants. Bei yake ilikuwa mrushaji mmoja aitwaye Dick Littlefield pamoja na dola 30,000 taslimu. Robinson hakuulizwa. Aliarifiwa tu, kama mzigo ambao umebadilishiwa lori.

Kitu ambacho Dodgers hawakukijua, wala Giants, wala waandishi wa habari, ni kwamba siku hizohizo Robinson alikuwa amekwisha kukubali kazi nyingine nje ya michezo. Alikuwa anaacha kucheza. Na kwa sababu ya mkataba wa tatu alioufanya na jarida moja, hakuweza kumwambia mtu yeyote.

Anayefanya biashara mpakani anaijua hali hiyo: mtu mmoja, ahadi tatu, na kila mwenye ahadi anadai yake iwe ya kwanza. Ndiyo maana kisa hiki cha miaka mingi iliyopita kinafaa kusimuliwa upya hapa, ingawa mchezo wenyewe wa rungu na mpira hauchezwi sana kwetu.

Kwanza tuelewe mkataba wa mchezaji wa wakati huo. Ulikuwa na kifungu kilichompa mwenye klabu haki ya kuuhuisha mwaka hadi mwaka kama apendavyo. Mchezaji hakuwa na haki ya namna hiyo. Klabu iliweza kumuuza, kumbadilisha au kumwacha, lakini yeye hakuruhusiwa kwenda kutafuta bei nzuri kwingine. Ni sawa na kupangishwa kibanda na mwenye soko ambaye anaweza kukuhamishia soko lolote alitakalo, lakini wewe ukitaka kuhama unakatazwa kuuza popote. Mlango mmoja tu ulibaki wazi, nao ni kuacha mchezo kabisa.

Robinson alizaliwa Januari 31, 1919 katika mji mdogo wa Cairo, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, akiwa wa mwisho kati ya watoto watano. Baba aliiacha familia, na mama yake, Mallie, akawachukua watoto hadi Pasadena, California, akawalea kwa kazi za ndani katika nyumba za watu. Kaka yake, Mack, alishinda medali ya fedha ya mbio za mita 200 katika Olimpiki ya Berlin ya 1936, nyuma ya Jesse Owens. Jackie naye aliingia Chuo Kikuu cha UCLA, akakiwakilisha katika michezo minne.

Vita vilipokuja aliingia jeshini. Mwaka 1944, akiwa ofisa katika kambi ya Hood, Texas, aliamriwa na dereva wa basi ahamie viti vya nyuma kwa sababu ni mweusi. Alikataa. Alipelekwa mahakama ya kijeshi na akashinda kesi. Ni vyema kulikumbuka hilo, kwa sababu huyu hakuwa mtu wa kuhamishwa kirahisi hata kabla hajapata jina.

Mwaka 1945 alichezea Kansas City Monarchs, klabu ya ligi ya weusi, kwa mshahara wa dola 400 kwa mwezi. Ligi kuu zilikuwa za weupe watupu. Agosti mwaka huo Branch Rickey, kiongozi wa Dodgers, alimwita ofisini Brooklyn akamtaka avunje ukuta huo, kwa sharti kwamba atakapotukanwa asijibu.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbiombio. Rickey alimchukua Robinson bila kuwalipa Monarchs chochote, kwa hoja kwamba hawakuwa na mkataba wa maandishi naye. Wamiliki wa Monarchs walilalamika, kisha wakanyamaza, maana nani angetaka kuonekana anamzibia njia mweusi wa kwanza? Kwa hiyo klabu iliyokuja kumpangia bei ya mrushaji mmoja na dola 30,000 haikuwa imetoa hata senti kwa klabu alikotoka.

Baada ya msimu mmoja Montreal, Kanada, Robinson aliingia uwanjani na jezi ya Dodgers Aprili 15, 1947. Alikuwa na umri wa miaka 28 tayari. Baadhi ya wachezaji wenzake walikuwa wamejaribu kukusanya saini za kumkataa. Viwanjani alizomewa, alitukaniwa rangi, alirushiwa mpira kichwani. Alinyamaza kama alivyoahidi na akacheza. Mwaka huo alichaguliwa mchezaji bora chipukizi, na Dodgers wakapata zaidi ya watazamaji milioni 1.8 nyumbani, idadi ambayo hawakuwa wamewahi kuifikia. Mwaka 1949 akawa mchezaji bora wa ligi yao. Katika miaka kumi aliyokaa, klabu ilitwaa ubingwa wa ligi mara sita, na mwaka 1955 ikawafunga Yankees katika fainali kuu kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Ifikapo 1956 magoti yalikuwa yamechoka. Rickey aliondoka mwaka 1950 na Walter O'Malley, aliyeshika hatamu, hakuwahi kuelewana vizuri na Robinson. Nyumbani kulikuwa na mke, Rachel, na watoto watatu. Msimu uliishia kwa Robinson kukosa mpira wa mwisho katika mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Yankees. Mtu wa miaka 37 mwenye akili zake huanza kutafuta kazi.

Kazi ilitoka kwenye kahawa. Chock full o'Nuts ilikuwa kampuni ya kahawa na migahawa ya New York, na wafanyakazi wake wengi walikuwa weusi. Mmiliki, William Black, alimpa Robinson wadhifa wa makamu wa rais wa kampuni anayesimamia wafanyakazi. Lakini zamani kidogo Robinson alikuwa amewauzia jarida la Look haki ya kuwa wa kwanza kutangaza kustaafu kwake. Toleo lenye habari hiyo lilipangwa kutoka Januari 1957. Ndipo katikati Dodgers wakamuuza.

Kwa wiki kadhaa alikwepa maswali ya waandishi. Giants walimkaribisha hadharani. Siri ilipovuja mapema Januari, baada ya baadhi ya wateja wa Look kupata nakala kabla ya siku yake, magazeti yalimshambulia: kawadanganya Giants, kawasaliti Dodgers, kauza habari. Giants walimpandishia dau. Meneja mkuu wa Dodgers, Buzzie Bavasi, akawaambia waandishi kwamba Robinson anatafuta nyongeza tu. Baada ya maneno hayo hata kama alikuwa amesitasita hakuna aliyeweza kumrudisha.

Je, alikuwa na deni? Nionavyo mimi, kwa Dodgers hakuwa nalo. Klabu iliyomuuza asubuhi haiwezi kumdai uaminifu jioni. Giants ndio waliokuwa na haki ya kunung'unika: hawakumkosea kitu, na kwa wiki hizo walipanga kikosi kwa kumtegemea mtu asiyekuja. Littlefield naye, mchezaji aliyekwisha kupitishwa klabu nyingi kama noti chakavu, alibaki hajui aende wapi. Robinson inaelekea alilihisi hilo. Januari 14, 1957 alimwandikia mmiliki wa Giants, Horace Stoneham, kwa karatasi yenye nembo ya kampuni ya kahawa, akiomba kwa heshima awekwe katika orodha ya waliostaafu kwa hiari. Biashara ya Desemba ikafutwa na Littlefield akabaki Giants.

Msimu wa 1957 ulipokwisha, O'Malley aliwahamishia Dodgers Los Angeles na Stoneham akawapeleka Giants San Francisco. Mashabiki wa New York nao hawakuulizwa.

Robinson alikaa kwenye kahawa hadi 1964. Katika miaka hiyo jina lake lilifika kwetu. Tom Mboya alipokwenda Marekani mwaka 1959 kutafuta nafasi za masomo, Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia saini barua ya kuwachangisha Wamarekani nauli, na Septemba mwaka huo ndege ikawapeleka wanafunzi 81. Mwaka 1964 alishiriki kuanzisha benki ya Freedom National mtaani Harlem, ili weusi waliokuwa wakinyimwa mikopo wapate pa kukopa.

Mei 1970 alisimama mahakamani New York kumtetea Curt Flood, mchezaji mweusi aliyeuzwa bila kuulizwa na ambaye, badala ya kustaafu kimya, alikishtaki kile kifungu cha mkataba. Nywele za Robinson zilikuwa zimekuwa nyeupe na kisukari kilikuwa kinamla macho. Flood alishindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972. Robinson alifariki Oktoba 24 mwaka huohuo, akiwa na miaka 53. Kifungu chenyewe kilivunjwa Desemba 1975.

Mwanawe wa mwisho, David, alihamia Tanzania katika miaka ya 1980 na kuwa mkulima wa kahawa wilayani Mbozi. Shamba aliliita Sweet Unity, na kahawa yake na ya wakulima wenzake imeuzwa hadi Marekani. Ukitoka Mbeya kwenda kukaa foleni ya Tunduma, mashamba ya kahawa ya wilaya hiyo utayaanza kabla hujafika Vwawa.