Mtakatifu Yosefina Bakhita na Ubatizo wa Watoto Wetu



Kila siku za ubatizo zinapokaribia, makatekista wetu huletewa swali lilelile. Je, ni haki wazazi kumbatiza mtoto mchanga asiyejua hata kutamka jina lake, au afadhali angojewe mpaka akue achague dini mwenyewe? Majirani zetu wa makanisa mengine humwombea mtoto na kumweka mikononi mwa Bwana, kisha humbatiza akishaweza kuamini mwenyewe. Sisi hubatiza wachanga. Wote twasoma Biblia moja, na wote twawapenda watoto wetu.

Lakini kwetu sisi wakimbizi swali hili lina upande wa pili ulio mgumu zaidi. Wengi wetu tulishukia Bandari ya Juba, wakati meli na matishari yalipotuleta kutoka Kosti mwaka 2011 na 2012. Kisha vita vya Desemba 2013 na Julai 2016 vikatutawanya tena. Katika safari hizo watoto wengine walipotezana na wazazi wao, na leo wanalala na kula katika nyumba zetu. Tunawapenda kama tuliowazaa. Je, hao nao tuwabatize? Ni nani mwenye ruhusa ya kulisema neno hilo kwa niaba yao?

Tumeona vema kuwasimulia maisha ya binti mmoja wa Sudan ambaye jina lake mnalijua. Redio ya Kanisa iliyoanza kusikika Juba mwaka 2006 inaitwa kwa jina lake. Naye alikuwa mtoto aliyetengwa na wazazi wake.

Bakhita alizaliwa karibu mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, kati ya watu wa kabila la Wadaju. Baba yake alikuwa ndugu wa mkuu wa kijiji. Nyumba yao ilikuwa na mashamba na mifugo, kaka na dada, na yeye mwenyewe alikuwa na pacha wake. Hakuna aliyemfundisha habari za Kristo. Hata hivyo, alipokuwa mkubwa alisimulia kwamba tangu utoto wake alilitazama jua, mwezi na nyota, akajiuliza ni nani mwenye vitu vizuri namna hiyo, na akatamani kumjua na kumheshimu. Wazazi wake hawakuwa Wakristo, lakini walimlea kwa upendo, naye hakuacha kuwakumbuka.

Balaa ilianza kwa dada yake mkubwa, aliyetekwa na wakamata watumwa. Karibu mwaka 1877 zamu ikawa ya Bakhita. Alikuwa na umri wa miaka saba hadi tisa hivi. Watu wawili wenye silaha walimkuta shambani, mbali kidogo na nyumbani, wakamchukua. Walipomwuliza jina lake, hofu ilimfunga kinywa. Basi wakamwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati. Jina alilopewa na baba na mama yake lilimtoka kichwani, na halikumrudia tena mpaka kufa kwake.

Wazee wetu wanaujua uovu wa nyakati zile. Gondokoro, hapo karibu na Juba ya leo, palikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Bakhita hakupita mto wetu. Yeye aliswagwa kwa miguu mamia ya kilomita mpaka El Obeid, na kabla ya kufika alikuwa ameshauzwa zaidi ya mara moja. Alijaribu kutoroka pamoja na msichana mwenzake, wakakamatwa tena. Katika nyumba ya jemadari mmoja wa Kituruki alipigwa fimbo kila siku. Hapo alichanjwa kwa wembe alama 114 mwilini, na vidonda vikasuguliwa kwa chumvi ili makovu yasifutike. Alibaki nayo maisha yake yote.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na makamu wa balozi wa Italia, Callisto Legnani. Kwa mara ya kwanza tangu kutekwa aliishi katika nyumba ambayo hakupigwa. Wakati majeshi ya Mahdi yalipoukaribia mji, Legnani aliondoka, na Bakhita akamsihi amchukue. Mwaka 1885 walifika Italia. Huko alitolewa kwa familia ya Michieli, karibu na Venice, akawa yaya wa binti yao mdogo aliyeitwa Mimmina. Alikuwa ametoka katika nchi ya utumwa, lakini bado alipeanwa kama kitu cha nyumbani.

Mwaka 1888 Mama Michieli alihitaji kusafiri kwenda Suakin, ambako mumewe alikuwa na hoteli. Aliwaacha Bakhita na Mimmina kwa Masista wa Canossa mjini Venice, katika nyumba ya kuwafundisha wakatekumeni. Masista wale hawakuharakisha kumwaga maji kichwani mwake. Walimfundisha kwa miezi mingi, polepole, katika lugha ambayo alikuwa bado anajifunza. Hapo alimtambua Yule aliyekuwa akimtafuta alipotazama nyota za Darfur.

Mama yule aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka. Mtu ambaye tangu utoto wake hakuulizwa neno, siku hiyo alisema hapana. Shauri likafika kwa wakuu wa Kanisa na wa serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 likaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, hivyo Bakhita ni mtu huru na anaweza kukaa anapotaka. Tarehe 9 Januari 1890, akiwa na miaka ishirini na moja hivi, alibatizwa, akapata Kipaimara na Komunyo ya kwanza siku iyo hiyo. Aliitwa Yosefina Margareta Fortunata. Fortunata ndilo neno Bakhita katika Kilatini. Kanisa halikulitupa jina alilokuja nalo, ingawa lilitoka kwa watekaji. Lililigeuza likawa kweli.

Alijiunga na masista hao mwaka 1893, akaweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896. Tangu mwaka 1902 aliishi katika mji wa Schio. Alipika, alishona, alitunza sakristia, na kwa miaka mingi alikuwa bawabu. Watoto waliofika pale kila siku kusoma walipita mlangoni pake, naye akawapapasa vichwa. Watu walimwita Mama Mweusi. Walioishi naye walisema kwamba alipopita karibu na kisima cha ubatizo alikibusu, kwa kuwa hapo ndipo alipofanywa mtoto wa Mungu. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Katika homa yake ya mwisho alijiona amerudi utumwani, akaomba minyororo ilegezwe. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1992, na mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Wazazi wake na ndugu zake wa Olgossa hakuwaona tena hapa duniani.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wanaotaka watoto wangojewe watasema: tazameni, Bakhita alibatizwa mtu mzima, kwa hiari yake, na imani yake ikawa imara. Ni kweli. Lakini tusimame hapo kidogo. Bakhita hakukosa uhuru kwa sababu wazazi wake walimchagulia mambo. Alikosa uhuru kwa sababu wageni walimtoa mikononi mwa wazazi wake. Baba na mama ndio waliomchagulia jina, lugha na chakula, na kuchagua huko hakukumfunga. Kupotea kwake ndiko kulikomwacha uchi. Mzazi hawezi kukaa bila kumchagulia mtoto. Anayesema hamfundishi mwanawe dini yoyote, naye amemchagulia kitu. Mzazi Mkristo ampelekapo mchanga wake kwenye maji, anampa kilicho bora katika nyumba yake. Baadaye mtoto akiwa na akili atalijibu mwenyewe katika Kipaimara. Twakumbuka pia yule askari wa gereza wa Filipi katika Matendo sura ya 16, aliyebatizwa usiku pamoja na watu wote wa nyumbani kwake.

Bali zawadi hiyo ni ya mzazi kuitoa, na Kanisa lilijifunza hivyo kwa uchungu. Katika nchi ileile ya Italia, zaidi ya miaka thelathini kabla ya ubatizo wa Bakhita, kulikuwa na mtoto wa Kiyahudi wa mji wa Bologna aliyeitwa Edgardo Mortara. Alipougua akiwa mchanga, mtumishi wa nyumbani, Mkristo, alimbatiza kwa siri bila wazazi kujua. Habari ilipojulikana, mwaka 1858, askari wa serikali ya Papa walimchukua akiwa na miaka sita, kwa sababu sheria ya wakati ule ilikataza mtoto aliyebatizwa kulelewa na Wayahudi. Wazazi walilia na kuomba mbele ya dunia nzima, wasirudishiwe. Yule mtumishi yawezekana alikuwa na nia njema. Lakini nyumba ilivunjika, na jina la Kanisa likatajwa kwa ubaya mpaka leo.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka mchanga abatizwe kwa ridhaa ya wazazi, au angalau mmoja wao, au ya anayesimama kihalali mahali pao, na pawe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani. Mtoto aliyetimiza miaka saba na mwenye akili haletwi kama mchanga. Anafundishwa na kuulizwa, kama Bakhita alivyofundishwa. Mtoto aliye mahututi hali yake ni nyingine, na hapo mtu yeyote mwenye nia ya Kanisa anaweza kumbatiza kwa maji. Nao Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, unataka mtoto aliyekosa familia yake atunzwe kwa kuangalia dini, kabila na lugha aliyotoka nayo.

Kwa hiyo tunawaomba hivi. Ninyi wazazi, leteni wachanga wenu bila woga, na muwe tayari kuwalea kama mlivyoahidi. Ninyi mliopokea watoto wa wengine, msiwabatize kwa haraka wala kwa siri, hata kwa upendo. Mwambieni katekista, ili habari za wazazi zitafutwe kwanza kwa wanaotafuta ndugu waliopotezana. Huenda mama yake yuko katika kambi nyingine, akimwombea usiku huu kwa namna aliyofundishwa yeye. Mchukueni mtoto kanisani, mwombeeni, mfundisheni kusali. Mungu hashindwi kumngoja. Na leo hii andikeni mahali salama jina aliloitwa na wazazi wake, jina la baba, la mama na la kijiji. Akiwa mdogo mno kulikumbuka, mkumbukieni ninyi, maana Bakhita hakuwa na wa kumkumbukia lake.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee, na uwaombee watoto wote waliopotezwa njiani. Amina.