Al-Kindi na Panga za Khalifa

Mwaka huu tumemchagua mwanachuoni ambaye wengi wetu tunamjua kwa falsafa tu, Abu Yusuf Yaaqub bin Is-haq al-Kindi. Alizaliwa Kufa yapata mwaka 801, mji ambao baba yake aliwahi kuwa liwali wake, kisha akasoma Baghdad. Khalifa al-Muutasim, aliyetawala 833 hadi 842, alimkabidhi mwanawe Ahmad amsomeshe.

Kwa khalifa huyo aliandika risala juu ya panga. Sisi tulipoisikia mara ya kwanza tulidhani ni sifa za vita. La, inaanza na chuma chenyewe. Chuma kitokacho ardhini, anaeleza, ni namna mbili: shaburqan, ambacho ni kigumu, na narmahan, ambacho ni laini. Feleji haichimbwi, bali hutengenezwa kwa kuyeyusha chuma pamoja na vitu vya kukisafisha na kukitia nguvu. Tena zipo panga za mchanganyiko, na humo amezitia za Wafaranja. Mhunzi huchukua vipande vigumu na laini, huvipasha moto kwa mivukuto hata vikakaribia kuyeyuka, akavifua juu ya fuawe mpaka vikashikana. Upanga ukisuguliwa, mistari ya chuma hiki na kile huonekana.

Panga za feleji nazo zina mawimbi yake, yaitwayo firind, lakini hayo hayatokani na kuunganisha vipande. Leo twajua kuwa feleji ikipoa polepole ndani ya chungu, kaboni haienei sawasawa, na kufua huzitandaza sehemu hizo zikawa mawimbi. Kwa jicho lisilozoea, panga hizi mbili ni moja. Na askari asiyejua kuzitofautisha huja kujua upanga ukishavunjika mkononi.

Mambo haya al-Kindi hakuyakuta katika vitabu vya Wayunani. Yaonyesha dhahiri kwamba yeye, mwana wa liwali, aliwauliza wahunzi na wauza panga. Na asidhaniwe kuwa aliamini kila la motoni, kwani aliandika pia kuwapinga waliodai kutengeneza dhahabu na fedha.

Zama za al-Mutawakkil mambo yalimgeukia. Wapokezi wanasimulia kuwa wana wa Musa, mahodari wa hesabu, walimfitini, akapigwa, na vitabu vyake vyote vikachukuliwa. Baadaye mfereji waliokabidhiwa na khalifa ukakosewa vipimo, nao wakaingiwa na hofu ya kuuawa. Walimwendea Sanad bin Ali awanusuru. Akakataa kusema neno mpaka al-Kindi arudishiwe vitabu, na yeye mwenyewe aone hati ya al-Kindi kuwa amevipokea. Hati ikaletwa, ndipo Sanad akaenda kwa khalifa. Al-Mutawakkil aliuawa mwaka 861 kabla kosa la mfereji halijadhihirika. Al-Kindi aliishi miaka kadhaa baada yake, vitabu vyake vikiwa nyumbani.