SAIGO TAKAMORI, SHUJAA ASIYEACHA FOTO

Katika muji wa Tokyo, inchi ya Japani, kuna bustani kubwa inayoitwa Ueno. Pale kumesimama sanamu ya shaba ya mutu mumoja munene. Amevaa kanzu ya nyumbani na viatu vya majani makavu, upanga uko kiunoni, na mukono wake unashika kamba ya mbwa. Watu wanaotembelea Tokyo wanapenda sana kupiga foto mbele yake. Mutu huyo ni Saigo Takamori. Lakini sikieni ajabu: yeye mwenyewe hakuacha hata foto moja ambayo wenye elimu wanaikubali kuwa ni yake kweli.

Saigo alizaliwa Kagoshima, kusini ya Japani, tarehe 23 Januari 1828. Baba yake alikuwa samurai, ni kusema askari wa ukoo, lakini wa cheo cha chini. Watoto walikuwa saba, na mali ilikuwa kidogo. Akiwa kijana, Saigo alifanya kazi ya karani katika ofisi ya kodi. Alizunguka vijijini na kuona mateso ya wakulima, na jambo hilo halikutoka tena katika moyo wake. Mukubwa wa jimbo lao, Shimazu Nariakira, alitambua akili yake. Mwaka wa 1854 akaenda naye Edo, muji ambao leo ni Tokyo.

Mwaka wa 1858 Nariakira akafa. Wakati ule serikali ya shogun ilikuwa ikikamata wapinzani wake. Saigo alikuwa na rafiki, mutawa wa dini ya Buda, jina lake Gessho, aliyekuwa anatafutwa. Walipokosa njia ya kukimbilia, wote wawili wakajitupa baharini. Gessho akafa. Saigo akatolewa katika maji, akapona.

Kisha akapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Amami Oshima. Kule alioa muke wa kisiwa kile, wakazaa watoto wawili. Mwaka wa 1862 alirudishwa kwao, lakini hakupatana na mukubwa mupya, akafukuzwa tena. Mara hii akafungwa katika kisiwa cha Okinoerabu, ndani ya kizimba cha miti kilichoingiza mvua na upepo. Alikonda karibu kufa, mpaka askari wa pale akamuonea huruma na kumutengenezea chumba kizuri. Saigo akatumia wakati ule kusoma vitabu na kufundisha watoto.

Mwaka wa 1864 alifunguliwa, na sasa nguvu yake ikaonekana. Ukoo wa shogun ulikuwa umetawala Japani tangu mwaka wa 1603. Saigo alikuwa mumoja wa wale waliounganisha majimbo makubwa kusudi utawala urudi kwa mufalme. Mwaka wa 1868 majeshi yake yakafika mbele ya Edo, muji wa watu karibu milioni moja. Kila mutu alingojea moto na damu. Lakini Saigo alikubali kuketi pamoja na Katsu Kaishu, mujumbe wa shogun. Wakazungumza, wakapatana, na ngome ya Edo ikatolewa bila vita. Kwangu mimi, hapo ndipo ushujaa wake ulikuwa mukubwa kuliko pengine pote, na upanga ulikuwa ndani ya ala.

Katika serikali mupya alipata cheo cha juu, lakini aliendelea kuishi kwa namna ya kawaida. Rafiki yake Okubo Toshimichi alipokuwa safarini Ulaya na Marekani, alimutumia foto yake amevaa nguo za Kizungu. Saigo akamujibu kwamba foto ile ni mbaya sana, na afazali aache kupigwa foto.

Mwaka wa 1873 alibishana na wenzake juu ya mambo ya Korea, akaacha kazi, akarudi Kagoshima. Vijana wengi wakamufuata, na mwaka wa 1874 shule zikafunguliwa kwa ajili yao. Mwaka wa 1876 serikali ikakataza samurai kubeba upanga, na ikakata mushahara wao wa zamani. Hasira ikawaka. Mwanzoni mwa mwaka wa 1877 wanafunzi wake walivunja maghala ya silaha ya serikali. Saigo hakuwatuma, lakini hakuwaacha. Akatoka nao kwenda vitani. Vita ile iliua watu zaidi ya 12,000. Tarehe 24 Septemba 1877, juu ya kilima cha Shiroyama, Saigo akafa pamoja na wa mwisho wao.

Mwaka wa 1889 mufalme alimusamehe, na mwaka wa 1898 sanamu ya Ueno ikafunguliwa. Takamura Koun ndiye aliyeitengeneza, na mbwa alitengenezwa na Goto Sadayuki. Sura yake waliipata wapi? Mbele ya pale, Muitaliano mumoja, Edoardo Chiossone, alikuwa amechora Saigo bila kumuona hata siku moja, akitazama ndugu yake na binamu yake. Muke wa Saigo alipoona sanamu, inasemwa alishangaa na kusema kwamba mume wake hakuwa vile.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa na moto viliharibu Tokyo na kuua watu zaidi ya 100,000. Wengi walikimbilia Ueno. Wakabandika karatasi juu ya sanamu ile, wakiandika majina ya watoto, wazazi na ndugu waliopotea. Foto za siku zile zipo mpaka leo: Saigo amefunikwa na karatasi za wenye kulia.

Wanafunzi wenzangu, sisi tunapenda foto sana, zaidi siku ya proklamasio. Si vibaya. Lakini sura ya Saigo imepotea, na matendo yake yanajulikana, mazuri na mabaya pamoja: muji aliouokoa kwa maneno, na vijana waliokufa kwa sababu hakuwazuia. Mutu anayependwa na vijana, lazima ajue kuwaambia hapana. Tukumbuke hayo yote mawili.