Shaaban Robert na Nchi Iliyoning'inia Angani

Taa za Nyamityobora zikizimika, askari aliye lindoni hapa Mbarara huachiwa giza la juu na nyota zake, giza lile lile linaloufunika usiku wa Nakivale. Waandishi wengi wa Ulaya walilitazama wakaliona kama shimo tupu. Katika riwaya ya Jules Verne ya safari ya kuuzunguka mwezi, wasafiri hutumbukia upande wa usiku wake, penye giza totoro na baridi kali. Hayati Shaaban Robert alilitazama anga hilo akalitia watu, baraza na gereza.

Alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaingia ukarani katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni. Alidumu katika utumishi wa serikali, idara hii na ile, kwa zaidi ya miaka thelathini. Vita Kuu ya Pili aliitungia utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapwa mwaka 1967, mwenyewe akiwa kaburini.

Kusadikika kilitoka mwaka 1951. Nchi hiyo imening'inia hewani. Imezungukwa na pepo, juu yake mbingu, chini yake ardhi. Humo Karama ashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Katika kujitetea asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita. Ridhaa alipelekwa hata mbinguni, na Amini akashushwa huku ardhini. Wote walirudi na habari za manufaa, na wote wakatiwa gerezani. Askari aliyewahi kutumwa doria atauelewa uchungu huo: kuvuka kila hatari, kisha kufungwa kwa ajili ya taarifa uliyoileta. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Shaaban alipowapita wengi. Giza zito la kitabu hiki ni la nyuma ya mlango wa gereza, na ni watu walioufunga mlango huo. Mwishowe Karama ashinda, na wajumbe wafunguliwa.

Tarehe 12 Aprili, 1961, Yuri Gagarin, rubani wa jeshi la anga la Sovieti, alirushwa angani akaizunguka dunia. Shaaban alikuwa angali hai. Desemba ya mwaka huo aliiona Tanganyika ikipata uhuru, na Juni, 1962, akafariki, akiwa na umri wa miaka 53.