Mwalimu Nyerere na Kalamu ya Gazeti

Msomaji, huku Tunduma na Mbozi jina la Julius Kambarage Nyerere halihitaji kuelezwa. Lakini wengi hawakumbuki kwamba Mwalimu alipata kusimama kizimbani kwa ajili ya maandishi ya gazeti.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu hata mwaka 1955, alipoacha kazi hiyo ili aitumikie TANU. Chama kilitoa kijarida, Sauti ya TANU, naye akakiandika mwenyewe. Mwaka 1958 aliwashutumu humo Mabwana Shauri wawili kuwa wanawaonea watu. Serikali ya Kiingereza ikamshtaki kwa kashfa. Mwezi wa Agosti hakimu akamhukumu faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Akalipa.

Mtu aliyeonja hayo tungemtazamia azilegeze sheria za magazeti alipopata madaraka. Haikuwa hivyo. Mwaka 1968 sheria ilimpa Rais uwezo wa kulifunga gazeti kwa ajili ya faida ya umma. Tarehe 5 Februari 1970 Serikali ikalitwaa gazeti la Standard. Tumpe haki yake: siku hiyo aliliruhusu kwa maandishi kuvikosoa vitendo vya viongozi, yeyote awaye. Mhariri, Frene Ginwala wa Afrika ya Kusini, aliyachukua maneno hayo kama yalivyoandikwa. Mwaka 1971 gazeti likamlaumu Rais Nimeiry wa Sudan kwa kuwaua wapinzani wake, na Mhariri akaondolewa.

Sababu twazijua: taifa lilikuwa changa, na desturi yetu huona aibu kumsema mkubwa hadharani. Ila desturi hiyohiyo ina baraza, ambapo wazee huzungumza hata wapatane, na hapana amfungaye mwenzake kinywa. Mwalimu mwenyewe aliisifu mara nyingi.

Aling'atuka mwaka 1985. Mwezi wa Machi 1995, alipotaka kuonya juu ya nyufa za taifa, rushwa, udini na ukabila, alizungumza na waandishi wa habari katika hoteli ya Kilimanjaro, na magazeti ya watu binafsi, yaliyozaliwa baada ya utawala wake, yakayaeneza maneno yake nchini kote.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Sheria ya Magazeti aliyoiacha, ya mwaka 1976, iliishi miaka 17 zaidi yake. Ilifutwa mwaka 2016, mwaka uleule Mkoa wetu wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya. Na sheria iliyoifuata ikalitaka kila gazeti liombe leseni kwa Serikali.