Parry-Thomas: fundi aliyenunua gari ya marehemu, ikampa sifa na kifo

Tarehe 3 mwezi wa tatu mwaka 1927, kwenye ufuko wa Pendine huko Wales, magharibi mwa Uingereza, gari kubwa iliyoitwa Babs ilipinduka ikiwa mbioni. Shofere wake, John Godfrey Parry-Thomas, alikufa hapo hapo. Hakuwa tajiri wa kuchezea magari. Alikuwa fundi, na gari ile aliinunua ikiwa kuukuu, akaitengeneza upya.

Parry-Thomas alizaliwa mjini Wrexham, Wales, katika miaka ya 1880, mtoto wa mtumishi wa kanisa la Anglikana. Alisomea uhandisi London, kisha akawa mhandisi mkuu wa kampuni ya Leyland, iliyojulikana kwa malori. Huko alibuni Leyland Eight, gari ya silinda nane iliyoonyeshwa mwaka 1920. Watu waliisifu, lakini bei yake ilikuwa kali mno na zilitengenezwa chache tu. Mwishowe aliacha kazi, akahamia Brooklands, uwanja wa mashindano ya magari karibu na London. Aliishi hapo hapo uwanjani na kushinda mashindano mengi.

Lakini alitaka zaidi: kuwa mtu mwenye mwendo wa kasi kuliko wote duniani. Kujenga gari mpya ya namna hiyo kulidai pesa nyingi. Yeye akatafuta njia nyingine.

Mwaka 1924, tajiri kijana Louis Zborowski alikufa katika mashindano ya Monza, Italia. Nyumbani aliacha gari nyingine ambayo haijakamilika kabisa. Ilikuwa na motere ya ndege aina ya Liberty, silinda 12, lita 27. Magurudumu yake ya nyuma yalizungushwa kwa minyororo, na giaboksi yake ilitoka katika Benz ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Parry-Thomas aliinunua kwa pauni 125.

Aliifungua na kuijenga upya. Aliweka kabureta nne na pistoni alizobuni mwenyewe, akaipa jina Babs. Mwezi wa nne mwaka 1926, pale Pendine, Babs ilifikia mwendo wa kilometa 275 kwa saa. Rekodi ya dunia ikawa yake.

Haikudumu hata mwaka. Mwezi wa pili 1927, Malcolm Campbell aliivunja kwenye ufuko huo huo, kwa kilometa 281 kwa saa. Wiki chache baadaye Parry-Thomas alirudi kutafuta alichonyang'anywa. Ndiye shofere wa kwanza kufa akiifuata rekodi hiyo.

Yeye alizikwa Byfleet, karibu na Brooklands. Babs ilizikwa mchangani Pendine, na kwa miaka 42 hakuna aliyeigusa.

Mwaka 1969, Owen Wyn Owen, mwalimu wa uhandisi kutoka Wales, aliomba ruhusa ya kuifukua. Jeshi lililomiliki eneo hilo lilitaka kwanza jamaa ya marehemu ikubali, nayo ikakubali. Si wote waliopendezwa: kwa wengine, mahali pale palikuwa kama kaburi.

Bodi ilikuwa imeliwa na kutu, lakini vyuma vingi vya ndani vilikuwa vimepona. Owen alitumia zaidi ya miaka kumi kuirudisha, hata motere ikawaka tena.

Kazi hiyo ilileta pia jibu lingine. Kwa muda mrefu watu walisema mnyororo ulikatika ukampiga shofere kichwani. Vyuma vilivyotolewa mchangani vilionyesha kwamba huenda gurudumu la nyuma la kulia ndilo lililovunjika kwanza. Ikiwa ni hivyo, mnyororo ulisingiziwa kwa miaka 42, na ushahidi ulikuwa umelala chini ya mchanga pamoja na gari.

Leo Babs huonyeshwa Pendine, si mbali na mahali ilipopindukia.